Bi mkubwa kakataa boksi la unga kutoka Marekani kisa alama ya kijani. Hivi GMO kwenye dini imekaaje?

MtuWaMapipa (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apitilize tu, sitamlaumu.

Dada yangu anaishi Ohio. Mwaka huu kaja kufunga Ramadhani nyumbani, na mnajua mtu akitoka huko begi moja la nguo, mengine yote vyakula ambavyo hata Kariakoo vipo. Humo kulikuwa na maboksi manne ya unga wa mahindi wa njano, ule unaochanganya na maziwa na mayai unaoka mkate. Siku ya pili ya mfungo, saa kumi na moja jioni, jikoni pamechangamka, viazi vitamu vinachemkia kwenye nazi, donge la kaimati linaumuka kwenye beseni, dada kashachana boksi la kwanza. Binti yangu wa darasa la sita, ambaye husoma kila kilichoandikwa hata risiti ya luku, akauliza: "Shangazi, hii duara ya kijani yenye jua na shamba ni ya nini?"

Dada akajibu kwamba ni alama ya kuonyesha mahindi ni GMO, yaani yamebadilishwa vinasaba (jeni). Alisema kirahisi tu, kama mtu anayesema humo mna sukari.

Bi mkubwa alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mkono ukasimama. "Yamebadilishwa na nani?"

Mkate haukuokwa. Tulifuturu viazi na mjadala. Dada anasema kala chakula hicho miaka yote na hana pembe. Mke wangu, aliyelelewa Kilutheri Moshi kabla hatujaoana, anasema chakula ni chakula ukishakiombea. Jirani yetu Mlokole alikuja kuchukua bakuli lake la futari (tunapelekeana, Pasaka yeye ndiye hutuletea pilau), akalitazama boksi bila kuligusa na kusema hiyo ndiyo mbegu ya mpinga Kristo. Bi mkubwa peke yake hakuhukumu kitu. Alilifunga boksi kwa kamba ya katani, akaliweka juu ya kabati.

Nimechimba kidogo. Alama ile ni ya kisheria, Marekani ilianza kuwa lazima tarehe 1 Januari 2022. Zaidi ya asilimia 90 ya mahindi yanayolimwa kule ni ya GMO, kwa hiyo dada hakuokota boksi la ajabu, kachukua la kawaida. Hapa kwetu mambo ni mengine. Majaribio ya mahindi ya kustahimili ukame yalikuwa yakifanyika kwenye shamba lililozungushiwa uzio pale Makutupora, Dodoma, tangu 2016. Novemba 2018 wizara ya kilimo ikayasimamisha, na Januari 2021 waziri wa wakati huo akatangaza kuyafuta. Mkulima wetu hana mbegu hiyo.

Sasa sitaki hapa mjadala wa ina saratani au haina, nyuzi hizo zipo mia. Nataka wenye dini zao waniambie: kinachokatazwa, kama kipo, ni nini hasa? Kitendo cha kubadili? Kitu kilichoingizwa? Au aliyebadili?

Pangu Pakavu

Mimi naishi Kigogo, nauli ninayo. Hilo boksi likikosa mwenyewe naomba namba ya nyumba.

Mlokole Mtulivu

Mleta uzi, jirani yako hakukosea sana. Fungua Mwanzo 1. Mungu aliamuru nchi itoe mimea na miti kila kimoja "kwa jinsi yake". Neno hilo halikuandikwa mara moja, limerudiwarudiwa kama nyundo. Halafu Walawi 19:19, usipande shambani mwako mbegu za namna mbili pamoja, wala usizalishe mnyama na mnyama wa namna nyingine. Muumba kaweka ua kati ya aina na aina. Mtu anayechukua kitu cha bakteria akakitia kwenye hindi karuka ua. Mimi siwahukumu wanaokula, nasema tu tusijifanye hatujaona ua.

MtuWaMapipa

Mkuu, nashukuru kwa kuja na andiko badala ya video ya WhatsApp. Ila mke wangu kanisomea kitu hapa pembeni, naomba nikuletee. Andiko hilohilo la Walawi linakataza kuzalisha wanyama wa namna mbili. Nyumbu anayepandwa anatokana na punda dume na farasi jike, hakuna njia nyingine. Sasa 1 Wafalme 1, Daudi anataka Sulemani atawazwe, anasema mpandisheni juu ya nyumbu wangu. Mfalme mteule kaenda Gihoni kutiwa mafuta akiwa juu ya mnyama aliyeruka ua!

Marabi wa Kiyahudi walilijadili hili zamani sana, na mkondo wao ni kwamba kitendo cha kuchanganya kimekatazwa, ila kilichokwisha kuzaliwa ukitumia hukosei. Ndiyo maana kwao wengi hawaoni tatizo kula. Jambo hilo ni tofauti na "haramu" tunayoirusha sisi.

Mlokole Mtulivu

Hahaha, hiyo ya nyumbu umenipata. Nitaiuliza Jumapili. Lakini zingatia, umenijibu kuhusu kula, hujanijibu kuhusu kutenda.

Mwanachuo wa Temeke

Assalaam alaykum wanajamvi. Nimesoma madrasa na baadaye chuo, lakini mimi si mufti, msije mkanibebesha.

Upande wetu aya inayotajwa kwanza ni Suratun Nisaa 119, ambapo Shetani anaapa kuwa atawaamrisha watu nao watabadili aliyoyaumba Mwenyezi Mungu. Ukiishia hapo, GMO imekwisha. Ila ukirudi kwa wafasiri, wengi wamesema makusudio ni kuibadili dini na maumbile ya asili ya mtu, wengine wakataja kuhasi na kuchanja mwili. Na aya yenyewe inataja kukata masikio ya mifugo, ambayo yalikuwa mambo ya ushirikina. Hakuna hata mmoja aliyesema mkulima asitengeneze mbegu.

Na tuna hadithi inayogusa shamba moja kwa moja, iko kwenye kitabu cha Imam Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifika Madina akawakuta watu wanapandikiza mitende, yaani wanachukua chavua ya mtende dume wanaitia kwenye mtende jike kwa mkono. Akasema huenda wasipofanya ingekuwa bora. Wakaacha, mavuno yakaharibika. Walipomweleza, akawaambia wao wanajua zaidi mambo ya dunia yao. Hii kwangu ni mlango mpana. Kilimo kaachiwa mwenye jembe, isipokuwa pale sheria ilipoweka mpaka. Na kanuni ya fiqhi (elimu ya sheria za dini) ni kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Anayesema haramu ndiye adaiwe ushahidi.

Mpaka uko wapi? Hapo ndipo swali la pili la mleta uzi, kitu kilichoingizwa. Malaysia, baraza lao la fatwa lilitoa kauli mwaka 1999 kuwa chakula chenye vinasaba vya nguruwe ni haramu. Indonesia mwaka 2013 baraza lao la maulamaa likaruhusu vyakula vya uhandisi jeni kwa masharti: visiwe na madhara, na jeni isitoke kwenye kilicho haramu wala kwa binadamu.

Mtu ataniuliza, si jeni ikishaingia kwenye hindi imekuwa hindi? Hiyo ndiyo istihala, kitu kugeuka kikawa kingine, kama mvinyo kugeuka siki. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi na Maliki mlango huo wameufungua sana. Sisi wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na kwetu mlango ni mwembamba: mvinyo uliogeuka wenyewe bila kutiwa kitu, ngozi iliyodabaghiwa isiyo ya mbwa wala nguruwe, basi, umekaribia kufika mwisho. Kwa hiyo Mpakistani, ambako wengi ni Hanafi, na mtu wa Mapipa wanaweza kutazama boksi moja wakaondoka na majibu mawili, na wote wako ndani ya dini.

Pangu Pakavu

Kwa hiyo boksi halali au haramu? Jua linazama huku.

Mwanachuo wa Temeke

Kwa mahindi ya kawaida ya Marekani jeni nyingi zinazotumika zinatoka kwa bakteria wa udongoni. Sijaona pa kuharamishia. Lakini usilale: mwaka 2024 mamlaka ya kilimo ya Marekani iliiruhusu soya iliyotiwa jeni ya nguruwe ipandwe. Imetengenezwa na kampuni iitwayo Moolec ili soya itoe protini ya nyama. Zamani tulikuwa tukisema jeni ya nguruwe kwenye mazao ni uvumi wa misikitini. Sasa ipo.

BwanaShamba Mstaafu

Vijana, nimefanya ugani miaka mingi, naomba nisafishe meza kwanza.

Kuku wa kisasa si GMO. Kachaguliwa kizazi baada ya kizazi, kalishwa vizuri, basi. Tikiti lisilo na mbegu si GMO. Mahindi chotara mnayoyaona Kibaigwa si GMO, ni baba na mama wa mahindi waliokutanishwa. Embe kubwa la Muheza si GMO. Watu wa Dar kila kikiwa kikubwa na hakina ladha mnakiita GMO.

Halafu hivyo viazi vitamu mlivyofuturia. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo: viazi vitamu vinavyolimwa, aina zote walizozipima karibu 300, vimebeba ndani yake jeni za bakteria, yule yule Agrobacterium ambaye maabara humtumia kama punda wa kubebea jeni. Viliingia vyenyewe maelfu ya miaka iliyopita bila koti jeupe wala hakimiliki. Kwa hiyo bi mkubwa alikataa mkate wenye jeni ya bakteria akafuturia kiazi chenye jeni ya bakteria. Simcheki, namheshimu. Nasema tu ua anaousema Mlokole Mtulivu una matundu tangu enzi.

Kuhusu anayefanya kazi hizi: pale Mikocheni, hapahapa Dar, kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, chenye maabara ya bioteknolojia. Wanapambana na magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi kahawia. Nimesimama na mkulima Mkuranga aliyeng'oa muhogo wa mwaka mzima, nje jani zuri la kijani, akaupasua kwa panga ndani kahawia kama kuni iliyooza. Akaupasua wa pili. Wa tatu hakuupasua, alikaa chini. Siku hiyo ungemwambia kuna mbegu isiyougua, asingekuuliza jeni imetoka wapi.

Kadogo wa Upanga

Mnasahau sisi wengine. Familia yetu ni Wajaini, dini yenye asili ya India, tupo Kisutu toka enzi za babu. Nyama hatuli, mayai hatuli, hata kitunguu na viazi hatuli maana ukivichimba unaua vijidudu vya ardhini. Swali la jeni ya mnyama kwenye mmea kwetu si mchezo. Miaka ya tisini mwanzoni Marekani walijaribu nyanya yenye jeni ya samaki wa bahari zenye baridi kali ili isiharibiwe na barafu. Haikuuzwa kamwe, ila mpaka leo shangazi yangu akiona nyanya ngumu anaitazama kwa jicho baya.

Lakini kuna upande wa pili. Jibini zamani iligandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama aliyechinjwa, kwa hiyo haikuliwa nyumbani. Tangu 1990 Marekani waliruhusu kimeng'enya hichohicho kitengenezwe na vijidudu vilivyotiwa jeni ya ndama. Hakuna ndama anayekufa. Mama anaila. Bibi hakuila mpaka amefariki, alisema jeni ni kumbukumbu ya ndama. Nyumba moja, friji moja.

MtuWaMapipa

Kadogo, umenikumbusha kitu. Marehemu mzee wetu alikuwa na kisukari, alichoma insulini miaka kumi, na bi mkubwa ndiye aliyekuwa akivitunza vichupa kwenye mlango wa friji. Insulini ya zamani ilikuwa ikitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na la nguruwe. Mwaka 1982 ndipo ikaruhusiwa ya kwanza inayotengenezwa na bakteria waliotiwa jeni ya binadamu, na ndiyo iliyoenea. Maana yake uhandisi jeni ndio uliomwondolea mzee wangu nguruwe kwenye sindano. Na kwa masharti ya Indonesia aliyoyataja Mwanachuo, jeni ya binadamu kwenye chakula hairuhusiwi! Najua hii ni dawa, dharura ina hukumu yake. Ila sijathubutu kumwambia.

Mkatoliki wa Tunduma

Niko Dar sasa, ila 2002 nilikuwa kijana dukani Tunduma, mpakani. Mleta uzi kauliza maswali matatu, watu wamejibu mawili. La tatu, aliyebadili, ndilo Kanisa letu limekaa nalo zaidi.

Mwaka ule Zambia ilikuwa na ukame, watu karibu milioni tatu wanahitaji chakula. Msaada wa mahindi ukaja kutoka Marekani, ndani mna GMO. Rais Mwanawasa akakataa. Malawi, Msumbiji na Zimbabwe walikubali kwa sharti yasagwe kwanza, maana ukisaga huwezi kupanda. Zambia hata ya kusagwa ikakataa. Waliosimama kwenye mjadala ule upande wa kukataa walikuwemo Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, wa kituo chao cha kilimo Kasisi na wa kituo chao cha tafakari ya kiteolojia Lusaka. Hawakusema hindi lina pepo. Walisema mkulima mdogo akipanda punje ile, kesho mbegu si yake tena.

Mpaka leo sijui kama walikuwa sahihi. Kukataa chakula mbele ya mwenye njaa ni mzigo mzito, na mimi niliwaona watu wakivuka kuja kununua debe upande wetu. Lakini hoja ilikuwa ya kidini kwelikweli kuliko za pepo na mpinga Kristo. Papa Fransisko naye kwenye waraka wake wa 2015 wa mazingira alisema ni vigumu kutoa hukumu ya jumla juu ya vinasaba, na kwamba hakuna uthibitisho wa mwisho kuwa nafaka hizo zinadhuru watu. Kisha akageukia ardhi kuangukia mikononi mwa wachache na wadogo kusukumwa nje.

BwanaShamba Mstaafu

Hapo nakuunga mkono nusu. Chotara nayo ukirudisha punje shambani mavuno yanashuka, na mkulima ananunua kila msimu, mbona hakuna padri aliyesimama? Na ule mradi wa Makutupora, makubaliano yalikuwa mkulima mdogo asitozwe ada ya hakimiliki. Kubisheni, ila bisheni na kilichopo.

Mama Tenga

Nauza nyanya Mabibo, sijui jeni. Ila nimesoma wote na naona mnazunguka. Tenga likija, juu zimepangwa nyekundu nzuri, katikati mbichi, chini maji. Mteja akiuliza unamwambia zote ndizo hizo. Hilo kila dini imekataza na kila siku tunafanya. Boksi la dada yako limesema ukweli juu kabisa. Kwa nini ndilo lililofungwa kamba?

Mwanachuo wa Temeke

Mama Tenga, umeigusa hadithi bila kuitaja. Mtume alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Yule bwana akasema mvua imenyesha. Akaambiwa, mbona hukuweka yaliyolowa juu watu wayaone? Anayetughushi si miongoni mwetu.

Mlokole Mtulivu

Na Paulo, 1 Wakorintho 10: kila kitu kiuzwacho sokoni kuleni bila kuuliza-uliza. Nilikuwa nimeisahau, nimeirudia usiku. Lakini mistari mitatu mbele anasema mtu akiwaambia kimetolewa sadaka, msile. Yaani ukishaambiwa, dhamiri imeamshwa. Ile duara ya kijani ndiyo mtu aliyekuambia.

MtuWaMapipa

Wakuu, mrejesho. Hiyo ya Mama Tenga nilimsomea bi mkubwa kama ilivyo, juzi baada ya tarawehe. Akacheka, kisha akasema hakulifunga kwa sababu limesema, kalifunga kwa sababu limesema nusu. "Wameandika yamebadilishwa. Hawakuandika yametiwa nini." Dada akachukua boksi, akageuza pande zote na tochi ya simu. Kweli haijaandikwa. Sheria yao haidai kutaja jeni ilitoka wapi. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua kama ni bakteria au yule mnyama wa Mwanachuo, alama haimsaidii.

Tukadhani amemaliza. Jana asubuhi nimeamka, maboksi mawili hayapo. Kawamwagia kuku wake wa kienyeji, kasema riziki haitupwi. Binti yangu akauliza mayai yatakuwa na alama ya kijani? Nimeangalia: kwa sheria ya Marekani, mnyama akila lishe ya GMO, mayai wala maziwa yake hayawekwi alama. Nikamsomea bi mkubwa na hiyo.

Mwanachuo wa Temeke

Mwambie kuna mlango wa jallala, mnyama aliyekula uchafu. Imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kwanza. Ila unga si uchafu, asijisumbue.

MtuWaMapipa

Umechelewa mkuu. Kuku wako bandani toka jana jioni, wanakula pumba tu. Na boksi moja bado lipo juu ya kabati, Pangu Pakavu ukija uje na chombo.